Misalaba Miwili ya Mkaa

Wiki chache zilizopita nilipeleka gari langu kwa fundi hapa Tanga mjini, abadilishe globu za mbele. Zile za zamani zilikuwa zimefifia, na macho yangu siku hizi si ya kuyaamini sana jua likizama. Fundi akaweka globu nyeupe mpya, akasogeza gari mpaka karibu na ukuta wa gereji, akaokota kipande cha mkaa. Akachora mstari mrefu wa kulala, usawa wa taa, kisha akaukata kwa mistari miwili ya kusimama, mmoja kwa kila taa. Hapo nikaona misalaba miwili, mikono ikaniganda. Yule kijana, mdomo haukai, akaniuliza, "Vipi dada, umeona nyoka?" Nikacheka ili yaishe, nikaomba kiti.

Sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi? Ila kwa ninyi wa rika langu, mliosomea taa ya chemli na kupanguswa masizi puani asubuhi, nitasema. Nimekaa na jambo hili tangu nikiwa na miaka saba, na nimechoka kulibeba.

Kwetu ni milimani, upande wa Mlalo, kwenye mteremko unaotazamana na mteremko mwingine. Katikati kuna bonde la mashamba ya kabichi na karoti. Barabara inayotoka Lushoto huonekana kwanza ng'ambo ile, kwenye kona moja inapopanda mgongo wa mlima, shimo mbele na shimo nyuma. Kutoka pale mpaka kwetu, gari lilikuwa bado lina nusu saa ya kuzunguka bonde zima. Lakini sauti haikuhitaji kuzunguka. Mtu akimfokea mbuzi wake ng'ambo, sisi tulimsikia uani kwetu.

Baba alikuwa na pikapu. Alfajiri alipakia mboga kushuka nazo Mombo, magharibi alirudi. Kazi hiyo aliirithi kwa kaka yake, Baba Mkubwa Shabani, ambaye aliifanya mpaka kipupwe kimoja gari lake lilipotoka barabarani kwenye kona ileile, ndani ya ukungu. Alikutwa asubuhi. Mke wake akarudi kwao, nyumba yao ikafungwa, ikabaki na kuta zake nyeupe za chokaa jirani kabisa na sisi. Nilikuwa mdogo, lakini sauti ya Baba Mkubwa niliikumbuka vizuri, maana ilikuwa sauti ya Baba. Wageni wakibisha hodi walikuwa wanawachanganya, na Bibi mwenyewe, aliyewazaa, akiwa jikoni ilibidi aulize, "Ni nani, Shabani au Rajabu?"

Baada ya msiba ule Bibi alilala. Sisemi aliumwa, alilala tu. Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja, kitanda kimoja, na niliona jinsi chakula kinavyoingia na kutoka vilevile. Mama alimbembeleza, Baba alimbembeleza, wapi! Alikuwa anageukia ukutani. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na usiku nilikuwa naweka mkono mgongoni kwake nipime kama anapumua.

Halafu mwanga ukaanza kuja.

Ilikuwa kipupwe kingine. Mama alikuwa amekwenda kwao Shume kujifungua mdogo wangu, nyumbani tumebaki mimi na Bibi, na Baba akirudi. Jioni moja, adhana ya magharibi imetoka kuisha, mwanga mweupe uliingia dirishani. Hatujawahi kuuona. Ulianza kwenye fremu ya mlango, ukatambaa ukutani taratibu, ukapita juu ya kitanda, ukampitia Bibi usoni, ukatokea kona ya pili ukapotea. Haukuwa na rangi ya moto. Ulikuwa mweupe kama sanda, na haukuwa na sauti. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani.

Bibi ndiye aliyenifunua. Alikuwa amekaa! Nywele zimesimama, macho yanameta. Akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Umetoka kwenye kona ya Shabani."

Kesho yake ukaja tena, saa ileile. Na keshokutwa. Bibi akaanza kuamka kabla ya magharibi, anajinawisha, anajifunga kanga safi, anakaa kitandani akingoja. Akaanza kula. Akaanza hata kunisonya nikichezea kijiko. Jioni ya nne akaniambia nipakue sahani ya tatu, ya maharage na ugali, niiweke kwenye kigoda chini ya dirisha. Sikuuliza ya nani. Asubuhi sahani ilikuwa nyeupe, imelambwa, na mpaka leo sijui kama ni paka au ni Bibi mwenyewe. Wakati ule nilijua kabisa ni nani, na nilipoigusa vidole vilinisisimka.

"Usimwambie baba yako," Bibi alinionya. "Rajabu ni mtu wa dini sana. Atamfukuza."

Sasa hivi mnacheka, najua. Baba alikuwa amenunua globu nyeupe kwa wachuuzi wa Mombo, zile kali, akazichomeka mwenyewe kwenye pikapu ya zamani iliyozoea globu za njano, na taa zikawa zinatazama juu. Akifika ile kona, mwanga badala ya kulala barabarani ulivuka bonde ukaja kutupiga dirishani. Lakini nani alituambia? Baba alikuwa hatoi ripoti ya gari kwa mtoto wala kwa mgonjwa. Tena mwanga ulipita, ukapotea, tukala, na nusu saa baadaye ndipo pikapu ikaguruma uani. Mimi sikuviunganisha hata mara moja. Huyu ni Baba, yule ni Baba Mkubwa. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake.

Madereva wenzake ndio waliomjia juu. Hilo nililijua baadaye sana: walimsimamisha wakamwambia anawapofusha kwenye kona, na kwamba yeye mwenyewe kwenye ukungu mzito hataona kitu, kwa sababu mwanga unaotazama juu unagonga ukungu na kumrudia machoni. Ukungu wa kwetu unataka mwanga uinamie chini, ufuate ukingo wa barabara. Baba hakubisha. Alikuwa amenunua zile globu kwa hofu ya kufa kifo cha kaka yake, na sasa anaambiwa ndizo zitakazomuua.

Kurekebisha taa kunataka mahali tambarare na ukuta mbele yake, jambo dogo kwa watu wa Tanga. Kwetu milimani jaribu kutafuta! Kila uwanja umeinama, ukiweka chungwa chini unalifuata mtoni. Uwanja mmoja tu ulikuwa umesawazishwa vizuri, ule wa nyumba ya Baba Mkubwa, alipokuwa akianika maharage. Basi siku ya mapumziko, alasiri, ukungu umeshaanza kushuka na kiza chake, Baba akaingiza pikapu pale, akaisogeza karibu na mlango uliofungwa, akachora kwa mkaa.

Nilikuwa nimesimama pembeni nikamwona. Msalaba kulia kwa mlango. Msalaba kushoto. Na ule mstari mrefu ukapita katikati ya mlango wenyewe kama komeo.

Inabidi niwaeleze nilivyokuwa nawaza kuhusu misalaba. Njia yetu ya shule ilipita pembeni ya makaburi ya Walutheri. Makaburi ya babu yangu na ya watu wetu yalikuwa na mawe tu, lakini yale ya wenzetu kila moja lilikuwa na msalaba umechomekwa upande wa kichwani. Hakuna aliyenieleza maana yake, nami sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe: msalaba unachomekwa ili marehemu asitoke. Ndiyo maana wafu wa Kilutheri wametulia, na wetu, ambao hawakuchomekewa kitu, wanaweza kuja kutembea. Niliona ni jambo lililo wazi kabisa.

Kwa hiyo Baba amegundua. Ameambiwa na nani, sijui, lakini amegundua kaka yake anatoka jioni, na amekuja kumfungia. Kwa misalaba ya watu, tena miwili! Nilimwaza Bibi akikaa na kanga yake safi akingoja mwanga usiokuja, halafu anageukia ukutani tena, na safari hii haamki. Nililia kimyakimya nikiwa nimesimama.

Baba akarudisha gari nyuma hatua kumi, akashuka, akainama kwenye taa na bisibisi yake. Haikuingia kwenye skrubu. Akasonya. "Nakwenda kuazima nyingine, na nitaswali hukohuko. Wewe usiguse gari," akaniambia. Ukungu ukammeza kabla hajafika njiani.

Gari sikuligusa. Nilikwenda nyumbani nikalowesha kitambaa, nikarudi, nikafuta misalaba yote na lile komeo lake. Kisha woga ukanishika. Akikuta ukuta mtupu atanichapa, na atachora upya. Basi nikaokota ule mkaa wake nikaichora tena, palepale, ila juu zaidi kwa shubiri moja, usawa wa macho yangu. Niliwaza kama mtu mwenye akili timamu: misalaba ipo, Baba ataridhika, lakini imepanda, na Baba Mkubwa akitaka kutoka atainama kidogo apite chini yake.

Baba aliporudi ukungu ulikuwa umetua uwanjani na yeye ana haraka. Akawasha taa. Akafunika moja kwa gunia, akazungusha skrubu ya nyingine mpaka mwanga ukashuka vidole vinne chini ya mstari, akahamia ya pili. "Sasa safi," akasema, akijipangusa mikono. Mimi nikaona kweli ni safi.

Jioni ya pili yake ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Ulikuwa umelala juu ya bonde na kupanda mpaka madirishani, na kila kitu kilikuwa kimya isipokuwa matone kwenye bati. Bibi alikuwa amekaa tayari. Nilimwashia chemli, nikaweka sahani chini ya dirisha, nikapanda kitandani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua Baba alichokuwa amejaribu.

Mwanga ukaja. Nusura nipige makofi! Lakini haukuja kama siku nyingine. Ulikuwa umepauka, hauna ukingo, umetandaa kama maziwa yaliyomwagika. Ukaingia, ukapanda ukutani, ukafika darini, ukasimama hapo.

Tulingoja upite. Haukupita.

"Leo amekaa," Bibi akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka na huku anatabasamu. "Leo hana haraka." Akaanza kumsemesha, akiutazama ule mwanga darini. Alimweleza habari za mke wake, kwamba hajambo huko kwao. Akamweleza maharage yalivyokubali mwaka ule. Alisema naye kama mtu anavyosema na mwanawe aliyerudi safari, na mimi nilikuwa nimemshika kanga, baridi inanipanda miguuni, siwezi kutazama juu.

Kisha tukasikia sauti. Ilitoka ng'ambo, ndani ya ukungu, ndefu: "Mama! Mama ee!"

Ilikuwa sauti ya Baba Mkubwa.

Nilifungua mdomo niitike, na Bibi akaniziba kwa kiganja. Kwetu mtoto anafunzwa mapema: sauti ya marehemu ikikuita huitikii, maana ukiitika umekubali kwenda. "Usiitike," akaninong'oneza sikioni. "Ananipenda, lakini usiitike." Sauti ikaita tena. "Mama! Ni mimi! Mama!" Ikanyamaza, ikaita. Sijui mara ngapi. Mwishoni ilikuwa imekwaruza, na Bibi akaijibu kwa kunong'ona, dirisha limefungwa, "Nimekusikia, mwanangu. Nimekusikia. Pumzika sasa."

Mwanga ukazimika. Bibi akaniachia, akashika tasbihi. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena.

Baba alifika kwa miguu. Tulisikia mlango, kisha tukamwona mlangoni pa chumba, matope mpaka kifuani, kiatu kimoja hakipo. Aliegemea fremu. Akaeleza kwa sentensi fupi fupi: alipofika konani taa zilimpiga ukungu ukawa ukuta mweupe, hakuona mbele wala ukingo. Akafunga breki, akajaribu kurudi nyuma polepole, tairi la nyuma likatoka nje, gari likakaa na pua juu, limeshikiliwa na kisiki cha mkaratusi. Kila alipojisogeza lilisogea. Simu ilikuwa haikamati kitu pale. "Nikaziacha taa zinawaka ili mnione," akasema. "Niliita sana, mama. Ukungu ulifunguka kidogo nikaiona taa yako dirishani. Niliita mpaka koo likakauka. Mwisho nikazima taa, nikamwachia Mungu, nikatokea dirisha la abiria." Akamtazama mama yake. "Hamkunisikia?"

Nilimwona Bibi akielewa. Kwanza macho yake yalikwenda darini. Kisha yalirudi kwa Baba, yakashuka mpaka kwenye mguu usio na kiatu. Uso wake wote ulilegea. Nami nilielewa pamoja naye, kwa pigo moja, na nikajikojolea palepale kitandani nikiwa na miaka yangu saba.

"Hatukusikia," Bibi akasema.

Asubuhi, baada ya majirani kulivuta gari, Baba alikwenda kwenye ule ukuta. Alikaa huko muda. Aliporudi akauliza ni nani aliyegusa alama zake, maana chokaa imejaa madoa na mstari umepanda. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitanda, mkaa bado umo kwenye kucha. Bibi akaushika akauingiza ndani ya kanga yake. "Ni mimi," akasema. "Niliona ni uchafu nikafuta, kisha nikajaribu kurudishia."

Baba alimtazama, akanitazama, akasema, "Mama, ningekufa." Akatoka. Siku hiyo alirekebisha taa upya, na mwanga haukuingia tena chumbani kwetu.

Bibi hakurudi kugeukia ukutani, kama nilivyoogopa. Alifanya jambo baya zaidi: alimfuata Baba kwa macho. Gari likichelewa alikwenda kusimama uani kwenye baridi, akitega sikio ng'ambo, na ndege akilia tu anaitika, "Ee! Niko hapa! Ee!" Majirani walisema uzee umemfikia. Baba alimheshimu kama kawaida, shikamoo yake haikukosa, lakini alikuwa anaitolea mlangoni. Ndani hakuingia kukaa, wala kula naye. Wakaishi hivyo mpaka Bibi alipofariki, naye alikuwa ameniapisha nisiseme. "Likimfikia hili litamuua kuliko ile kona," aliniambia.

Basi baada ya ile misalaba ya gereji sikulala vizuri, na Ijumaa nikapanda mlimani. Baba amezeeka, haendeshi tena, ana kilemba cha sufi kichwani mchana kutwa. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikaketi mkekani, nikasema kabla ujasiri haujaniisha. "Baba, ule ukuta hakuufuta Bibi. Ni mimi. Nilikuwa nadhani unamfungia Baba Mkubwa."

Hakuacha kuchambua. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Alama za vidole ukutani zilikuwa ndogo hivi." Akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Na ulikojoa kitandani wiki nzima. Mtoto ni mtoto. Sijawahi kukuwekea kinyongo, wala Mama kwa kukufichia."

Nikashindwa kuelewa. "Sasa mbona ulikuwa huingii kwake?"

Ndipo akauweka ungo chini. Nikasikia watu wanaongea ng'ambo ya bonde, neno kwa neno, wanauliziana bei ya mbegu. Baba naye alikuwa anawasikiliza.

"Taa yake ilikuwa inawaka," akasema. "Na bonde hili unalijua. Miaka yote hii nimekuwa najiuliza. Yeye ameshakwenda, na mwingine aliyekuwa mle chumbani ni wewe. Niambie kweli, binti yangu. Mama alinisikia?"

Nilikuwa nimepanda mlima kuja kusema kweli. Mungu anisamehe.

"Hapana, Baba," nikamwambia. "Tulikuwa tumelala. Hatukusikia kitu."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Nilijua tu," akasema. "Mama asingenisikia akanyamaza."